Ariel Square Four imelala stoo? Mwongozo kamili wa kuiamsha bila kuchoma silinda za nyuma

Ukizunguka mashamba ya zamani ya Njoro, Rongai na Molo, hapa kwetu Nakuru, bado kuna stoo hazijafunguliwa vizuri miaka mingi, na saa zingine chini ya magunia na mabomba ya kunyunyizia maji kuna mashini ya Kiingereza imeandikwa Ariel kwa tangi. Hesabu plagi. Ukipata nne, na silinda zimekaa mbili mbele mbili nyuma kama miguu ya stuli, hiyo ni Square Four, na hapo ndio unafaa kuweka spana chini kwanza usome hii mpaka mwisho, juu pikipiki hii haiuawi na uzee, inauawa na mtu mwenye haraka ya kusikia ikinguruma.

Uelewe kwanza kitu uko nayo

Pikipiki nyingi za silinda nne unazojua zina krenki moja, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Hii ina mbili. Moja iko mbele, moja nyuma, kila moja inabeba pistoni mbili, na zimeshikanishwa kwa gia, kwa hivyo ya mbele ikizunguka huku ya nyuma inazunguka kule. Mitetemo ya hii inakula ya ile, ndio maana injini inatulia sana. Alafu ni fupi na nyembamba, inaingia kwa fremu ya kawaida.

Wazo lilikuwa la Edward Turner. Alilipeleka BSA wakakataa, Jack Sangster wa Ariel huko Birmingham akamchukua, na pikipiki ikaonyeshwa kwa maonyesho ya Olympia, London, mwaka 1930. Ya kwanza ilikuwa cc 500 na kamshafti (shafti inayofungua valvu) juu ya hedi, ikafuata ya cc 601, alafu 1937 wakachora injini upya kabisa ikawa karibu cc 1000 ya kutumia pushirodi (vijiti vinavyosukuma valvu kutoka chini), pistoni ya upana wa milimita 65 na mwendo wake wa milimita 75. Hiyo ya cc 1000 ndio waliendelea nayo mpaka 1959, na ndio una uwezekano mkubwa wa kuipata, kwa hivyo naongea juu ya hiyo.

Kujua ni ya lini angalia juu. Hedi na bloku za chuma cha kuyeyusha, nzito, rangi ya kutu, ni kabla ya 1949. Kutoka 1949 ni alumini na ikapungua uzito vizuri. Kama bomba za ekzosi zinazotoka kwa injini ni nne, mbili kila upande, hiyo ni Mark II, ya 1953 kuendelea. Bomba mbili tu na alumini ni Mark I.

Sasa tatizo. Silinda za nyuma zimejificha nyuma ya za mbele, hewa inayofika huko tayari imepashwa moto, alafu zote nne zimechongwa kwa bloku moja na hedi moja. Uingereza kwenyewe kwa baridi yao hizi pikipiki zilijulikana kwa kuchemka nyuma na hedi kupinda. Sasa fikiria wewe uko Ahero, kwa joto la upande wa Kisumu, saa nane mchana. Karibu kila kitu nitakuambia hapa chini kinarudi kwa hiyo joto.

Kabla hujalipa

Muuzaji atakuambia "kijana, hii iliwekwa ikiwaka, ni betri tu." Sema sawa mzee, alafu toa plagi umulike ndani na tochi. Kutu kidogo ya kahawia si neno. Maji yakiwa yamekaa huko, bei inashuka ama unaenda nyumbani.

Pitisha kidole polepole kuzunguka matundu ya plagi na katikati ya valvu uone kama kuna ufa, hasa kwa hedi ya alumini. Mapezi ya kupoza yaliyovunjika moja mawili unaweza vumilia mbele, lakini nyuma hapana, huko kila pezi lina kazi. Angalia namba ya fremu na ya injini kama zinalingana na logbook, na ukosekanaji wa logbook usikubali kuambiwa ni kitu kidogo, hiyo safari ya kutafuta makaratasi ya pikipiki ya 1954 inaweza kukuchosha kuliko injini yenyewe.

Vitu vinavyokosekana andika kwa karatasi. Hutavipata hapa mjini, utaagiza Uingereza, na huko kuna chama cha wenye Ariel ambacho kina watu wanajua hizi mashini mpaka nati ya mwisho, jiunge mapema kabla hujaagiza chochote, pia ndio utapata kitabu cha fundi cha mwaka wako. Vipimo vya tapeti (nafasi ya valvu), pointi (zinazokata umeme wa plagi) na taimingi (wakati plagi inatoa cheche) chukua kwa hicho kitabu, usichukue kwa mtu wa mtandaoni, hata mimi.

Spana za boda weka kando

Hapa watu wengi wanaharibu kabla hawajaanza. Nati za hii pikipiki si za milimita. Ni za kipimo cha zamani cha Kiingereza, Whitworth na ndugu zake. Spana ya 13 itaingia na kucheza kidogo, utafikiri imeshika, ukikaza mkono kidogo nati imekuwa mviringo, na sasa una kazi ya kuchomelea. Tafuta seti ya Whitworth. Pale jua kali uliza mafundi wazee waliotengeneza Land Rover za kwanza kwanza na trekta za Kiingereza, wengi bado wanazo kwa kisanduku na hawazitumii, watakuuzia ama watakukodisha.

Uongeze fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), kipande cha chuma kilichonyooka kabisa cha kupimia hedi, mikebe midogo ya kutenganisha bolti, na kalamu ya kuweka alama. Usitoe waya wowote wa plagi kabla hujauwekea alama unatoka wapi unaenda wapi. Piga picha pia, simu unayo.

Kuifungua kama imeshikana

USIPIGE KIKI. Nitaeleza kwa nini. Pikipiki ya kawaida pistoni ikishikana, unapiga kiki haiendi, basi. Hii ina krenki mbili. Unaweza kuwa na krenki moja huru kabisa na nyingine imeshikwa na kutu, na kitu pekee kinachounganisha hizo mbili ni meno ya gia. Ukisimama kwa kiki na uzito wako wote, nguvu yote inaishia kwa yale meno. Jino likikatika huko ndani umebadilisha kazi ya wikendi kuwa ya mwaka.

Toa plagi zote nne. Mwaga ndani ya kila silinda mafuta ya gia otomatiki yaliyochanganywa na mafuta ya taa, nusu kwa nusu, ya kutosha kufunika pistoni. Funika matundu na kitambaa kisicho na nyuzi na uiache. Siku kadhaa, na ukiona yameshuka ongeza. Hii hatua haina fundi wala ujanja, ni subira tu.

Alafu weka gia ya juu kabisa, inua gurudumu la nyuma, na ulishike kwa mikono uisukume mbele kidogo, nyuma kidogo. Unatafuta kusikia kitu kikilegea hata milimita moja. Ikilegea usifurahie ukazungusha mzunguko mzima, endelea na hiyo mbele nyuma huku ukiongeza mafuta, juu ringi bado zinaweza kuwa zimeng'ang'ania kwa mfereji wake na ukilazimisha zinavunjika zikikwaruza silinda.

Ikikataa kabisa, hedi inatoka na bloku inainuliwa. Bloku inatoka na silinda zote nne pamoja, kwa hivyo tafuta mtu wa pili, mmoja anainua sawasawa, mwingine anashika pistoni zisigonge chini zikitoka, na weka vitambaa kwa mdomo wa krenkkesi kitu kisianguke ndani. Wakati wa kurudisha ndio kuna jasho, pistoni nne zote zinataka kuingia na ringi zake zimebanwa. Vipande vya mbao chini ya pistoni na klampu za mabomba ya maji zinasaidia. Taratibu. Ringi ikikataa usigonge na nyundo, shusha, anza tena.

Hedi ikiwa mkononi

Kama umeitoa, usiirudishe bila kupima. Weka kile chuma kilichonyooka juu ya uso wake, urefu, upana, na kona kwa kona, na ujaribu kupitisha fila geji chini yake. Hedi ya alumini ya Square Four iliyopinda ni jambo la kawaida. Mjini hapa kuna wanaoskimu (kunyoosha uso wa) hedi za matatu kila siku, watakufanyia, lakini simama hapo umwambie aondoe kidogo kabisa, akizidisha hedi haikui tena.

Gaskiti ikiwa ya shaba tupu unaweza kuitumia tena: ipashe moto mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwa maji, inarudi kuwa laini. Ikiwa ni ile ya shaba na kitu kama kadi katikati, nunua mpya. Na usikwaruze ile ya zamani ikiwa kavu wala kupuliza vumbi yake na kompresa, vitu vya miaka hiyo vilikuwa na asbestosi, gaskiti na pia breki. Lowesha na maji, futa, tupa kwa mfuko uliofungwa.

Kukaza unaanza katikati ukienda nje kwa kuvuka kona, kidogo kidogo, mizunguko kadhaa, si nati moja mpaka mwisho alafu ya pili.

Oili, hapa chukua muda wako wote

Oili ya hii injini haikai chini, inakaa kwa tangi lake, pampu ya plunja mbili inaituma kwa injini na kuirudisha. Kuna mpira mdogo wa chuma unaozuia oili isiteremke pikipiki ikiwa imesimama. Uchafu ukikaa chini ya huo mpira, oili yote polepole inahamia chini kwa krenkkesi, tangi linaonekana tupu, mtu anaongeza lita zingine, anapiga kiki, na oili inatoka kila mahali.

Kwa hivyo mwaga chini kwanza. Mwaga tangi. Ndani ya tangi utakuta tope jeusi kama lami, hilo lilikuwa linangoja kwenda kwa beringi za krenki zako. Toa tangi kabisa, lioshe na dizeli mpaka dizeli itoke safi, puliza mabomba yote, osha chujio za waya, fungua ule mpira uusafishe na kiti chake. Usiruke hata kimoja, injini hii haina chujio la kisasa la kukuokoa.

Oili gani? 20W-50 ya kawaida ya madini, ama SAE 40. Hizi sinthetiki nyepesi za bei ghali achana nazo, injini ilichorwa wakati hazipo. Na kama hujafungua chini ukasafisha, jua oili ya sasa ina sabuni ndani, itaanza kubomoa tope la zamani, kwa hivyo umwage tena baada ya kilomita chache tu.

Ukishajaza, plagi zikiwa nje, zungusha injini na kiki kwa upole mpaka uone oili inarudi kwa tangi. Fungua kifuniko, mulika tochi, utaona inatapika kwa bomba la kurudi kwa vipindi. Kama haioni njia, fungua bomba la kwenda kwa pampu utoe hewa. Bila hiyo oili kurudi hakuna kuweka plagi. Haijalishi nani amekuja kuangalia.

Moto wa plagi

Kuanzia 1949 wanatumia koili na distribyuta, kabla ya hapo ni magineto. Umeme ni volti 6, na pikipiki nyingi za Kiingereza za miaka ya 1950 zinafungwa chanya ya betri kwa bodi, kinyume na boda yako, kwa hivyo angalia kabla hujaunganisha. Badilisha kondensa bila kuuliza. Pointi zisafishe, pima nafasi yake, angalia kifuniko cha distribyuta kama kina ufa mwembamba kama unywele, hapo cheche zinatoroka.

Kitu wengi hawajui: taimingi ikichelewa, moto unaendelea kuwaka valvu ya ekzosi ikiwa inafunguka, na joto lote linaishia kwa hedi. Zile uzito ndogo ndani ya distribyuta zinazosogeza taimingi mbele zikishikwa na kutu, pikipiki itawaka, itatembea, na itachoma nyuma bila wewe kujua sababu. Zishike na kidole, zizungushe, ziachilie. Lazima zirudi zenyewe.

Plagi usiweke yoyote inayoingia. Uzi unaweza kuwa sawa na urefu ukawa tofauti, ikiwa ndefu inagonga pistoni.

Kabureta na mambo ya mlima

Kabureta ni moja kwa silinda zote nne. Za baadaye ni SU, kabureta ya Kiingereza yenye pistoni yake ndani, ndugu ya ile ya gari la Morris Minor, kwa hivyo fundi yeyote mzee wa Morris atakutengenezea akipiga stori. Inua pistoni ya SU na kidole uiachie, inafaa kuanguka yenyewe na kutoa sauti ya "tak". Ikishuka ikisitasita, isafishe ukuta wake, usipige msasa.

Tangi la petroli lenye kutu mimina changarawe safi na siki, tikisa, acha usiku, mwaga, suuza na maji yenye magadi, kausha haraka. Alafu weka chujio kwa bomba. Petroli ya siku hizi haina ledi tangu 2006. Kwa mgandamizo mdogo wa injini hii super ya kawaida inatosha, ila kama una hedi ya chuma ya zamani, pima tapeti mara nyingi kidogo uone kama viti vya valvu vinazama.

Sasa hii ni ya kwetu hasa. Nakuru iko kama mita 1,850 juu, hewa ni nyepesi karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na baharini, kwa hivyo kabureta iliyotegwa Uingereza hapa inakunywa petroli kupita kiasi, plagi zinakuwa nyeusi. Fundi ataipunguzia petroli mpaka plagi ziwe rangi ya kahawia, safi. Sawa. Lakini ukishuka nayo Kisumu, mita 1,100 na kitu, hewa inakuwa nzito, mchanganyiko wako unakuwa na petroli kidogo kuliko inavyotaka, na petroli kidogo ni moto mwingi, kwa zile zile silinda za nyuma, kwa lile jua. Mimi naona bora uiache inakunywa kidogo hapa Nakuru, plagi ziwe nyeusi kiasi, kuliko kuitega ikae sawa kabisa hapa alafu ikuchomekee Awasi ukishuka Kisumu. Kama una SU, ile nati ya chini ya jeti unaweza kuigeuza barabarani, jifunze inageukia wapi kabla hujatoka.

Kuwasha, na barabara ya kwanza

Kabla ya siku hiyo chukua waya mwembamba na brashi utoe kila kitu katikati ya silinda. Utashangaa. Kuna nyigu wale wa matope wanapenda sana hiyo nafasi, nyumba moja tu hapo katikati inazuia ile hewa kidogo iliyokuwepo.

Iwashe nje. Ikishika, angalia oili inarudi kwa tangi, sikiliza, na izime ndani ya dakika mbili. Sauti ya gia kulia kidogo ni kawaida, ni zile krenki zinaongea. Kugonga kuzito kunakofuata mwendo si kawaida, zima. Usiiache imesimama inanguruma ndio majirani wapige picha, haina feni wala maji, ikisimama hakuna kinachoipoza. Ikipoa kabisa, kaza hedi tena na upime tapeti.

Gia ziko mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Kama umezoea boda, zunguka kwa uwanja kwanza, juu siku ya kupaniki mguu utaenda kwa gia. Breki ni za dramu na mzigo ni karibu kilo 200 bila wewe, acha nafasi. Tairi ya nyuma ya Mark II ni 4.00-18, usidanganywe na tairi ya boda juu ni inchi 18 pia, soma uzito inaoruhusu.

Toka asubuhi mapema uelekee Njoro, barabara inayotembea, si Kenyatta Avenue na jam. Rudi, acha ipoe, toa plagi zote uzipange chini kwa mpangilio wake. Za nyuma zikiwa nyeupe na za mbele kahawia, usiende mbali. Kwanza tafuta hewa inayoingia kwa gaskiti ya manifoldi (njia ya kutoka kabureta kwenda hedi): injini ikiwa inazunguka nyunyiza mafuta ya mkebe wa kupuliza kidogo kwa kiungo, mlio ukibadilika umepata, lakini ukae mbali na cheche na ekzosi. Haipo? Rudi kwa taimingi. Bado? Basi fikiria kuongeza kipoza oili kidogo mbele. Wale ndugu Healey walioendelea kutengeneza hii injini Uingereza miaka ya 1970 walishughulikia sana upande wa oili, na wenye pikipiki za kutumia kila siku wengi wanafuata njia hiyo. Majaji wa Concours, yale mashindano ya urembo wa magari na pikipiki, pale Ngong Racecourse wanaweza kukukata pointi juu haikutoka kiwandani nayo. Wakate, wao hawapandi Mau Summit na wewe.